Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: mikono ya wagonjwa haimo kwenye hesabu zenu

Kwa: Waheshimiwa mawaziri wa afya na wa kazi, wakurugenzi wa hospitali, na wote mnaopanga rejesta, bajeti na orodha za dawa

YAH: UKURUTU WA MIKONO NA MAGONJWA MENGINE YA NGOZI MIONGONI MWA WAGONJWA

Waheshimiwa,

Naandika kuhusu mstari mmoja tu katika rejesta ya wagonjwa wa nje. Mnaujua. Uko karibu na mwisho wa ukurasa, chini ya magonjwa yote yaliyopewa majina, na umeandikwa "magonjwa mengine ya ngozi" au maneno ya namna hiyo. Humo tunamwandika mama ambaye viganja vimepasuka mpaka vinatoka damu, mtoto ambaye upele wa kuambukiza haumpi usingizi, kijana mwenye soriasisi, ule ugonjwa wa magamba, kichwani, mzee mwenye fangasi za miguu, na yule ambaye krimu za kujichubua zimemharibu uso. Wote mstari mmoja. Mwezi ukiisha tunajumlisha, namba inapanda kuja kwenu, nanyi mnaisoma kama inavyosomeka: mengineyo.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya ngozi. Nina jambo moja la kuwaambia. Magonjwa ya ngozi, ukurutu wa mikono (mikono inayovimba, kuwasha na kupasuka) ukiwa mbele, yamejaa miongoni mwa wagonjwa wetu kuliko ripoti zenu zinavyoonyesha, na hamyaoni kwa sababu fomu mlizotupa haziyaulizi. Mengine yote nitakayoyalalamikia humu, dawa isiyofaa, glovu zinazodhuru, mafuta ya kupaka yasiyopatikana, chanzo chake ni hicho.

Nianze na hesabu zisizo na ubishi mkubwa. Tafiti zilizofanywa kwa watu wa kawaida, si waliolazwa wala waliopanga foleni kliniki, zimekusanywa na kulinganishwa zaidi ya mara moja, na majibu yanakaribiana: katika watu 100, kama 9 au 10 hupata ukurutu wa mikono ndani ya mwaka mmoja, na kama 14 au 15 huupata wakati fulani maishani. Ukiamua leo kukagua mikono ya watu 100 utawakuta karibu wanne wanao leo hii. Hiyo idadi ya mwaka inakaribiana na ya watu wazima wenye kisukari duniani, ambao hukadiriwa kuwa kama mmoja katika kila tisa au kumi. Sisemi magonjwa haya mawili yana uzito mmoja. Nasema kisukari kina safu yake, kliniki yake, siku yake ya maadhimisho na kadi yake, ilhali ukurutu wa mikono hauna hata jina kwenye karatasi.

Hao ni watu wa mitaani. Sasa njooni kliniki. Yupo mgonjwa aliyeletwa na mikono yake, na huyo angalau anaingia kwenye ule mstari. Yupo na mwingine, na kwa kweli ndiye aliyenifanya niandike. Amekuja kwa ajili ya shinikizo la damu, au amemleta mtoto chanjo, au amemsindikiza mzazi wake. Mikono kaiweka mapajani, viganja vikiangalia chini. Hakuna anayemuuliza na yeye hasemi, maana amekwisha kuamini kwamba mikono ya mtu anayefua, anayesafisha vyumba, anayesuka nywele au anayechanganya saruji ndivyo inavyokuwa. Atapimwa presha, atapewa vidonge, atarudi nyumbani. Kwenye rejesta yetu ana ugonjwa mmoja.

Nimejifunza jambo dogo kuhusu kuuliza. Mgonjwa ukimuuliza kama ana ugonjwa wa ngozi, mara nyingi atasema hana. Mwambie, "Hebu nionyeshe mikono yako," halafu muulize kama katika miezi 12 iliyopita imewahi kuwasha, kupasuka, kutoa malengelenge madogo au kubabuka ngozi kwa zaidi ya wiki mbili. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Ongeza swali la pili: ukikaa bila kufanya kazi wiki kadhaa, inapona? Akisema inapona na kurudi palepale anaporudi kazini, mmekwisha kupata zaidi ya nusu ya utambuzi bila kipimo chochote na bila senti.

Msidhani hii ni hadithi ya mahali pamoja. Mwaka 2013 watafiti wa Mayo Clinic walichapisha hesabu ya maradhi yanayowafanya watu waonane na madaktari katika Kaunti ya Olmsted, jimbo la Minnesota, Marekani. Yaliyoongoza yalikuwa magonjwa ya ngozi. Karibu watu 43 katika kila 100 walikuwa na tatizo la ngozi lililoandikwa kwenye mafaili yao ndani ya miaka mitano, mbele ya maumivu ya viungo na mbele ya mgongo. Watafiti wale hawakuvumbua ugonjwa mpya. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu zinazoutaja kila ugonjwa kwa jina lake, basi.

Nanyi hamkosi taarifa. Hesabu kubwa ya mzigo wa maradhi duniani, ile ya mwaka 2010, iliyaweka magonjwa ya ngozi nafasi ya nne kati ya yale yanayotesa bila kuua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote ule watu wapatao bilioni 1.8 wana tatizo la ngozi. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu soriasisi. Mwaka 2017 upele uliingizwa katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa; unakadiriwa kuwashika zaidi ya watu milioni 200 kwa wakati mmoja. Na Mei 2025 Mkutano huohuo ulipitisha azimio linaloyataja magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya umma duniani. Waliokaa kwenye vile viti ni wajumbe wenu. Azimio limepita, rejesta ni ileile.

Sasa niwaeleze ugonjwa wenyewe, maana nadhani wengi wenu mnauchukulia kama ukavu wa ngozi tu. Ngozi ya mkono ina tabaka la juu linalozuia maji ya mwili yasitoke na vitu vya nje visiingie. Sabuni, maji mengi, viyeyusho na msuguano hulila tabaka hilo taratibu. Likishatoboka, kinga ya mwili inaamka, ngozi inavimba, inawasha, mtu anajikuna, na kujikuna kunazidi kulitoboa. Wako wanaozaliwa na tabaka dhaifu: mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba kasoro katika jeni ya protini iitwayo filagrini huwaweka watu katika hatari kubwa ya kupata pumu ya ngozi, ule ukurutu wa kuwasha ambao mara nyingi huanza utotoni. Aliyekuwa na pumu ya ngozi utotoni, hata kama ilipona akasahau, mikono yake huwa ya kwanza kuharibika akipata kazi ya maji. Huyu angepaswa kuambiwa kabla hajachagua fani. Sijawahi kuona fomu ya afya ya kujiunga na chuo cha uuguzi, cha upishi au cha ususi inayouliza hilo.

Kazi ya maji ina kipimo chake, na kinajulikana. Huko Ujerumani na kwingineko, wataalamu wa usalama kazini kwa miaka mingi waliihesabu kuwa kazi yoyote inayomfanya mtu awe na mikono iliyolowa zaidi ya saa 2 kwa siku, au avae glovu zisizopitisha hewa kwa muda kama huo, au anawe mikono zaidi ya mara 20. Wapimeni kwa kipimo hicho wafanyakazi wa usafi, wapishi, wasusi, wakunga, wafuaji, wachinjaji, wauza samaki. Kisha wapimeni wanawake wanaolea watoto wachanga nyumbani, ambao hawamo katika orodha ya mwajiri yeyote. Tafiti nyingi zinaonyesha wanawake wanaupata ukurutu huu zaidi ya wanaume, na maelezo yanayokubalika zaidi si kwamba ngozi yao ni dhaifu. Ni kwamba maji na sabuni vimewekwa mikononi mwao, kazini na nyumbani.

Na sisi tunaowahudumia wagonjwa? Kwa wafanyakazi wa afya idadi ya mwaka mmoja hupanda hadi robo hivi, na tafiti kadhaa zimepata zaidi. Hapa pana jambo linalowahusu wakurugenzi wa hospitali moja kwa moja. Ngozi yenye ukurutu hubeba bakteria aina ya stafailokokasi kuliko ngozi nzima. Muuguzi mwenye vidole vilivyopasuka huona uchungu kunawa, na anayeona uchungu kunawa hunawa kidogo. Mnabandika mabango ya usafi wa mikono kila ukuta, lakini hakuna anayekagua kama mikono inayoambiwa inawe bado ina ngozi ya kunawa.

Kuna dhana moja niiguse hapa kwa sababu inaligharimu taifa lolote linaloishikilia. Wenzangu wengi huamini kitakasa mikono chenye alkoholi ndicho kinachoharibu ngozi, kwa kuwa kinachoma, basi wanakimbilia sabuni. Ni kinyume. Sabuni na maji huharibu zaidi. Alkoholi huchoma kwa sababu ngozi imekwisha kupasuka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unasema wazi kwamba kama mikono haina uchafu unaoonekana, kitakasa chenye alkoholi ndicho cha kutumia kwanza. Anayenawa kwa sabuni kisha akapaka alkoholi papo hapo, kila mara, anajiumiza mara mbili bila faida. Nimeona wodi nzima zikifanya hivyo kwa agizo la msimamizi.

Narudi kwenye ule mstari, maana madhara yake hayaishii kwenye takwimu. Ugonjwa usio na jina kwenye rejesta hauna jina kwenye dirisha la dawa pia. Anayewashwa hupewa tyubu, na tyubu yenyewe mara nyingi ni ile krimu ya mchanganyiko: steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), dawa ya fangasi na antibiotiki humo humo, ili ikikosa hapa ipate pale. Ni sawa na kufyatua risasi gizani ukitumaini adui yuko upande wowote. Fangasi ikipakwa steroidi hutulia siku chache, wekundu unapungua, mgonjwa anashukuru, halafu inasambaa ikiwa imepoteza umbo lake la duara hata daktari asiitambue. Upele ukipakwa steroidi unaendelea kuambukiza nyumba nzima huku mwenye nao akidhani anatibiwa. Soriasisi ya viganja ikiitwa fangasi, mtu anameza vidonge vya miezi bure.

Kuzitofautisha si uchawi wala hakuhitaji daktari bingwa kila mara. Mkono mmoja tu ukiwa umebabuka na miguu yote miwili inabanduka katikati ya vidole, fikiria fangasi. Kwangua unga kidogo, tia tone la maji ya hidroksidi ya potasiamu, weka chini ya darubini ileile inayotazama vimelea vya malaria. Kuwasha kukizidi usiku, na wengine nyumbani wanajikuna, tafuta vijia vya upele katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na utibu wote siku moja. Viganja vikiwa na magamba mazito yenye mpaka unaoonekana, tazama viwiko, magoti, kucha na kichwani kabla hujaandika neno ukurutu. Tabibu wa zahanati akifundishwa haya kwa makini, na akawa na picha za kulinganisha, ataokoa rufaa nyingi.

Picha, lakini, ziwe za ngozi gani? Vitabu vingi tulivyosomea vinaonyesha ukurutu kwenye ngozi nyeupe, ukiwa mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na asiyejua huandika "ukurutu kidogo" pale palipo na ukurutu mkali. Tena ukipona huacha mabaka meusi au meupe kwa miezi, na mgonjwa huyaogopa mabaka kuliko alivyouogopa ugonjwa. Wengine ndipo wanapoanza kununua krimu za kung'arisha, nyingi zikiwa na steroidi isiyotajwa kwenye kopo. Hapo tumezalisha mgonjwa wa pili ndani ya mtu yuleyule.

Kuhusu kiasi cha dawa nitasema kwa namba, kwa sababu namba ndizo mnazozijadili kwenye manunuzi. Dawa inayokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza ni karibu nusu gramu, na inatosha mkono mmoja, kiganja na mgongo wake. Mikono miwili ni gramu moja kwa kupaka mara moja. Kwa hiyo tyubu ya gramu 15 inafika wiki mbili kwa anayepaka mara moja kwa siku, na kwa steroidi hapo ni sawa. Lakini mafuta ya kulainisha, ambayo ndiyo msingi wa tiba yote, yanahitajika gramu 25 hadi 50 kila wiki kwa mikono peke yake, na hupakwa kila baada ya kunawa. Mgonjwa anayepewa kikopo cha gramu 30 na kuambiwa arudi baada ya miezi mitatu ameambiwa, kwa lugha ya adabu, asipake. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, yanafanya kazi vizuri kabisa. Shida ni kwamba katika bajeti nyingi yamewekwa pamoja na vipodozi. Urea, haidrokotisoni na betamethasoni zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani; yafaa mkague kama zimo katika orodha yenu, na kama zikiwamo, zinafika zahanati au zinaishia kwenye karatasi.

Najua mtasema: ngozi haiui. Nimelisikia hilo kwenye vikao tangu nianze kazi. Ukurutu wa mikono hauui, ni kweli, lakini hukaa. Watafiti wa Sweden waliowafuatilia wagonjwa kwa miaka 15 walikuta zaidi ya wanne katika kila kumi bado walikuwa na dalili mwaka ule walipoulizwa tena. Katika miaka kama hiyo mtu hubadilisha kazi, au hufukuzwa kwa sababu mteja ameogopa kupokea chakula kutoka mikononi mwake, ingawa ukurutu hauambukizi hata kidogo. Huacha kushikana mikono na watu. Huamka usiku kujikuna. Kipimo cha mateso hayo kipo, ni dodoso la maswali 10 lililotungwa Cardiff mwaka 1994, linajazwa kwa dakika chache wakati mgonjwa anasubiri zamu, na alama zake huanzia 0 hadi 30. Kingekuwa kigumu kutumika ningewaelewa. Ni ukurasa mmoja.

Na mtasema pia hakuna madaktari bingwa wa ngozi. Hilo halina ubishi. Katika nchi nyingi za Afrika hawafiki hata mmoja kwa kila watu milioni moja. Ndiyo sababu naomba hesabu kabla ya mabingwa. Huwezi kujua unahitaji wangapi, wala uwapeleke wapi, kama hujui nani anaugua nini. Idadi nilizotaja hapo juu nyingi zimetoka Ulaya ya kaskazini, ambako watu walijisumbua kuhesabu. Kwingine kunakofua kwa mkono, kunakojenga kwa mkono na kusiko na glovu, sioni sababu ya kutegemea idadi ndogo kuliko hiyo.

Huko walikohesabu, hesabu ilizaa sheria, na sheria ikaponya. Saruji ina chembe za kromiamu zinazosababisha mzio mkali wa ngozi kwa mafundi ujenzi. Ukishaupata mzio huo huachani nao. Denmark iliona idadi ya mafundi wagonjwa, na mwaka 1983 ikaagiza saruji iongezwe salfeti ya chuma inayoifanya ile kromiamu isiwe na madhara. Mzio wa saruji ukapungua miongoni mwa wajenzi wake. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2005, ukiweka kikomo cha sehemu 2 kwa milioni. Ilikuwa vivyo hivyo kwa nikeli ya hereni na vifungo, Denmark ikitangulia mwaka 1990 na Ulaya ikaja nyuma. Hakuna daktari wa ngozi aliyetibu watu wengi kiasi hicho kwa tyubu. Walitibiwa na kalamu ya ofisini, na ofisi iliinua kalamu kwa sababu kulikuwa na jedwali lenye safu ya ugonjwa na safu ya kazi.

Safu ya kazi ndiyo ninayoililia zaidi. Rejesta zetu zinauliza umri, jinsia na makazi. Haziulizi mtu anafanya kazi gani, na pale zinapouliza tunaandika "mkulima" au "mfanyabiashara" ili foleni isogee. Andikeni mwongozo: kwa kila mgonjwa wa mikono, kazi yake itajwe kama anavyoifanya, kwamba anaosha vyombo, anapaka watu rangi ya nywele, anamimina zege. Rangi nyeusi za nywele zina kemikali iliyo miongoni mwa zinazoongoza kwa mizio ya wasusi. Glovu za mpira, zile tunazowapa watu wajikinge, nyingi zina viharakishi vya mpira, kemikali zinazotumika kiwandani kuukomaza mpira, ambavyo vyenyewe husababisha mzio; ziko zisizo navyo, na anayeagiza kwa wingi anaweza kuzitaja kwenye zabuni. Bila safu hiyo, kila msusi anadhani ni bahati yake mbaya.

Kwa hiyo ombi langu kwa wizara za afya ni kuuvunja ule mstari. Ukurutu wa mikono uwe na wake, ukurutu wa sehemu nyingine wake, kisha soriasisi, fangasi, upele, na madhara ya krimu za kujichubua. Yanayobaki ndiyo yaitwe mengineyo. Sambamba na hilo, lile swali la kuonyesha mikono liingizwe kwenye meza ya kwanza, pale tunapopima presha na uzito, kwa kila mgonjwa, hata aliyekuja na jino. Lijaribiwe kwanza katika vituo vichache kwa mwaka mmoja. Kliniki yetu itajitolea kuwa mojawapo, na wenzangu tuko tayari kuwafundisha wengine bila posho ya semina. (Nimeiandika hiyo makusudi, maana najua mambo mengi mazuri hufia kwenye posho.)

Wakurugenzi wa hospitali, kwenu ni rahisi zaidi: kagueni mikono ya watumishi wenu mara moja kwa mwaka, wekeni mafuta ya kulainisha pembeni ya kila sinki kama mlivyoweka sabuni, na ondoeni maagizo ya kunawa na kupaka alkoholi kwa pamoja.

Mawaziri wa kazi nimewaweka mwisho kwa sababu kwenu kuna deni la watu. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, inautambua ukurutu unaotokana na kugusa vitu vya kazini, uwe wa mzio au wa mwasho. Mfanyakazi ana haki hiyo kwenye karatasi. Akija kudai fidia anaambiwa alete ushahidi kwamba kilichomdhuru ni saruji, au glovu, au sabuni ya mwajiri. Ushahidi huo hutoka kwenye kipimo cha vibandiko: vitu vinavyoshukiwa hubandikwa mgongoni kwa saa 48, kisha mgongo husomwa siku ya kutoa na tena siku mbili baadaye au zaidi. Josef Jadassohn alikianzisha kipimo hiki miaka ya 1890. Ni cha zamani, hakitumii umeme, na mashine yake ni plasta na macho ya aliyefundishwa. Hata hivyo wagonjwa ninaowaona wengi hawana pa kukipata, na waliokipata ni wale wenye uwezo wa kusafiri na kukaa siku kadhaa mbali na kazi, yaani wale wasioshika saruji.

Kiwekeni kipimo hicho katika hospitali moja ya rufaa kwa kila kanda, kilipiwe na mfuko wa fidia wala si mfuko wa mgonjwa, na muda wa kukifanyia uhesabiwe kuwa likizo ya ugonjwa yenye mshahara. Kwa wasio na mwajiri, ambao ndio wengi, elekezeni halmashauri na vyama vyao viwasilishe majina. Mkihitaji fomu ya kuanzia, tunayo tuliyoichora wenyewe kwa mkono na kuirudufu. Ina safu za kazi, muda wa kulowa mikono, aina ya glovu na majibu ya vibandiko, na iko tayari kuletwa ofisini kwenu siku mtakayoitaka.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa kliniki ya ngozi